Uchache wa Kununuliwa: Kuusoma Mlo wa Kaiseki Mjini Kyoto

Kila anayeandika kuhusu kaiseki, ule mlo mrefu wa Kijapani unaoletwa sahani moja baada ya nyingine, hufika mahali akasema kwamba mlo huu ni shairi. Nimelikuta neno hilo kwenye majarida ya ndani ya ndege, kwenye vitabu vya mapishi, hata kwenye vipeperushi vya hoteli. Halafu mwandishi anaendelea kusifia rangi za vyombo, na lile shairi halisikiki tena. Mie nataka tulichukue neno hilo kwa uzito wake. Kama mlo ni shairi, basi una umbo na kanuni, una beti nzuri na beti dhaifu, na una jambo unalolisema. Tena, kama mashairi mengi, una jambo unalolinyamazia. Kwa hiyo huu ni uhakiki, si tangazo, na mgahawa wenyewe sitautaja jina.

Nilikula mlo huo Novemba 2024 mjini Kyoto. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, bibi wa miaka 84, aliyejifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, Unguja, kisha akarudi kukifundisha kwao. Lafudhi yake ni ya Mjini kabisa. Ukimsikia gizani utamwamkia ukidhani ni bibi wa Malindi. Mie namwita Mwalimu, yeye ananiita mwanangu. Bei ya mlo imewekwa wazi: yeni 33,000 kwa kila mtu, vinywaji mbali. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya laki tano. Nimeitaja bei mapema kwa sababu nayo ni sehemu ya matini. Huwezi kuhakiki kitabu chenye jalada la dhahabu ukajifanya hukuliona jalada.

Tuanze na umbo. Neno kaiseki kwa kutamka ni moja, kwa kuandika ni mawili. La kwanza huandikwa kwa alama zenye maana ya jiwe la kifuani. Husimuliwa kwamba watawa wa madhehebu ya Zen walikuwa wakitia jiwe lililopashwa moto ndani ya mavazi yao ili kuituliza njaa. Hicho ndicho chakula kilichoingia katika sherehe ya chai: wali, supu moja na vitoweo vitatu, basi. La pili lina maana ya kikao, na kikao chenyewe hapo kale kilikuwa cha washairi waliokutana kutunga beti za kupokezana, mmoja akiachia hapa mwenzake anadakia pale. Wakimaliza kutunga, wanakunywa na kula. Polepole chakula kikawa na nguvu kuliko utunzi, na mwisho wake washairi wakaondoka, meza ikabaki. Kwa hiyo wale wanaosema kaiseki ni shairi wako karibu na ukweli kuliko wanavyojua wenyewe. Migahawa ya leo imezichanganya asili zote mbili: imechukua utulivu wa watawa na pochi za wanywaji.

Mtu anayetajwa zaidi katika habari hii ni Sen no Rikyū, bingwa wa chai aliyezaliwa 1522. Yeye ndiye aliyeifikisha kileleni ile ladha inayoitwa wabi: kibanda kidogo cha udongo, bakuli lisilong'aa, chakula kichache. Lakini tuangalie nani alikuwa akiingia katika kibanda hicho. Waliingia majemadari na matajiri. Bwana wake, Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani ya wakati ule, alikuwa na chumba cha chai kilichofunikwa dhahabu, kinachobebeka. Mwaka 1591 Hideyoshi huyo huyo alimwamuru Rikyū ajiue. Toka mwanzo, basi, uchache huu haukuwa wa mtu asiye nacho. Ulikuwa uchache wa kuchagua, na uliwekwa mbele ya watu ambao wangeweza kuwa na chochote. Hilo ndilo jambo nililolibeba kichwani tulipovua viatu mlangoni.

Chumba kilikuwa cha mikeka ya tatami. Ukutani palikuwa na kishubaka chenye karatasi ndefu ya mwandiko na ua moja. Ua moja, si shada. Mlo ulikuja kwa awamu tisa. Ya kwanza ilikuwa kionjo cha kufungua mdomo, na sitakaa hapo. Ya pili ndiyo yenye habari.

Awamu hiyo inaitwa hassun, kwa jina la sinia lake la mbao, la mraba, lenye upande wa sentimita 24 hivi. Hapa ndipo mpishi anapotangaza majira. Kama washairi wa haiku wanavyotakiwa kuweka neno moja linalotaja majira ya mwaka, mpishi wa kaiseki naye anawajibika kukwambia uko mwezi gani bila kukwambia. Sinia letu lilipangwa kwa mtindo unaoitwa fukiyose, yaani vitu vilivyokusanywa na upepo. Palikuwa na kamba mmoja, njugu za mti wa ginkgo, na nyuzi za tambi ya chai ya kijani zilizokaangwa zikawa kama sindano za msonobari. Katikati palikuwa na vipande vyembamba vya kiazi kitamu, vimekatwa kwa umbo la jani la ginkgo, lile jani la upepeo linalogeuka manjano kila vuli. Nje, kwenye barabara tuliyopita, majani hayo yalikuwa yametapakaa lami nzima. Ndani yalikuwa sahanini. Kwa kweli ni ubeti mzuri sana. Kitu kinakuwa alama na chakula kwa wakati mmoja, na alama yenyewe umetoka kuikanyaga.

Nikala. Mwalimu akala kamba, akala njugu, akala sindano za msonobari moja moja kwa vijiti. Jani la kiazi akaliacha.

"Mwalimu, kiazi umekisahau," nikamwambia.

"Sijakisahau, mwanangu. Hicho fungu langu nimeshalimaliza."

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na miaka mitano. Mwaka ule na uliofuata, asubuhi kiazi, mchana kiazi, jioni kiazi. Wali ulikuwa wa kuotwa. Miji ya Japani ililima popote palipo na udongo, kwenye viwanja vya shule, kando ya reli, hata mbele ya jengo la Bunge mjini Tokyo. "Tulikula na matembele yake," akasema. "Lakini usifikirie matembele ya nazi kama ya Unguja. Ya maji na chumvi, chumvi ikiwepo." Kisha akaligeuza lile jani kwa ncha ya kijiti, akalitazama upande wa pili. "Wamelikata vizuri. Naliona uzuri wake. Kulila tu ndiyo siwezi."

Mhudumu, binti wa miaka ishirini na kitu, alipokuja kutoa sinia aliuliza kama kiazi hakikumpendeza. Mwalimu akamjibu kwa Kijapani, kisha akanitafsiria: amemwambia kimependeza sana. Binti akainama, akaondoka nacho.

Nitakirudia kiazi hicho. Kwanza supu, maana wajuzi wote wanakubaliana kwamba mpishi wa Kyoto hupimwa kwa supu. Ililetwa ndani ya bakuli la mbao lililopakwa utomvu wa mti wa urushi, jeusi, na kifuniko chake. Ukifunua, mvuke unakuja na harufu ya ganda la yuzu, tunda la jamii ya ndimu. Ndani pana maji ya rangi ya dhahabu hafifu na donge laini la nyama ya kaa. Basi. Ukionja unashangaa maji yanawezaje kuwa na ladha nene namna ile.

Siri ni dashi, mchuzi wa msingi. Unaroweka konbu, mwani mpana uliokaushwa, unaupasha moto bila kuuacha utokote, unautoa. Kisha unatia maparuzo ya katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo, kiasi cha kuparuzwa kwa randa. Unachuja. Ni kazi ya dakika chache juu ya kazi ya miezi. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae aliichunguza konbu hiyo, akapata chanzo cha ladha yake, akaipa jina la umami. Mtu aliyekulia pwani kwetu hahitaji kufundishwa sana hapa. Anayejua ng'onda anajua kwamba samaki akikauka hapungui utamu, anazidi.

Lakini jiulize, kwa nini supu tukufu ya mji mkuu wa kale ipikwe kwa vitu vikavu? Jibu liko kwenye ramani. Kyoto haina bahari. Konbu ilitoka Hokkaidō, kaskazini kabisa, ikisafirishwa kwa majahazi yaliyoshuka na pwani ya magharibi. Samaki walitoka ghuba ya Wakasa, wakitiwa chumvi na kubebwa mabegani kwa mwendo wa takriban kilomita 70 wa milima. Njia hiyo hadi leo inaitwa barabara ya vibua. Mapishi yanayosifiwa kwa usafi na upole wake yamezaliwa na umbali, chumvi na migongo ya wachukuzi. Awamu ya tano ilikuwa samaki wa Wakasa anayeitwa guji, amechomwa na magamba yake mpaka magamba yakawa makavu kama kaki za mchele, yanakatika mdomoni. Sahani hiyo inaisema historia yake vizuri kuliko maelezo yoyote ya mhudumu. Samaki mbichi waliotangulia, awamu ya nne, walikuwa safi, na hapo sina la kuongeza. Siku hizi samaki mbichi hufika Kyoto kwa lori usiku mmoja, na ladha yao haikuwa na safari ndani yake.

Tukiwa bado kwenye bakuli lile jeusi, yupo mwandishi asiyeepukika. Mwaka 1933 Tanizaki Jun'ichirō alianza kuchapisha insha yake maarufu ya kusifu vivuli. Humo anasimulia jinsi alivyokwenda mgahawa wa Waranjiya, hapo hapo Kyoto, uliokuwa na sifa ya kutumia mishumaa, akakuta wameweka taa za umeme. Akaomba aletewe mshumaa, na katika mwanga ule hafifu ndipo alipoona, anasema, kwamba vyombo vya urushi havikutengenezwa kwa ajili ya mwanga mkali. Anaisifu ile dakika kati ya kufunua bakuli na kuonja, wakati huoni sawasawa kilichomo. Mgahawa wetu bila shaka umemsoma. Balbu zilifichwa nyuma ya karatasi, na mwanga ulipunguzwa mpaka kiwango anachokitaka yeye.

Na kweli, supu ilipendeza hivyo. Lakini mie nimesoma darasa la tano hadi la saba kwa kibatari, na najua giza lina harufu ya mafuta ya taa na masizi puani asubuhi. Mwanga hafifu ni mzuri pale swichi ilipo karibu. Inasimuliwa kwamba Tanizaki alipotaka kujenga nyumba, msanifu majengo alimwambia ameisoma insha yake na anajua hasa anachokitaka, naye akamjibu kwamba hapana, yeye katu hawezi kuishi katika nyumba kama ile. Watu hucheka, lakini simwoni kuwa mnafiki. Insha yenyewe mwishoni inakubali kwamba haya ni manung'uniko ya mtu anayezeeka. Tanizaki alijua anasifu kitu alichokwisha kukiacha. Tatizo ni wanaomfuata: wamechukua sifa, wakaliacha lile kubali la mwishoni.

Ubeti dhaifu ulikuwa wa sita. Ikaletwa nyama ya ng'ombe, wagyu, vipande vitatu vyenye mafuta, juu ya jiwe la moto. Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini haina kazi pale. Ulaji wa nyama Japani ulikuwa na makatazo tangu amri ya mfalme Tenmu ya mwaka 675, na ni mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula ng'ombe, kama ishara ya zama mpya. Kwa hiyo si ugeni wake tu unaonisumbua, maana kila jiko lina mgeni. Kinachonisumbua ni kwamba awamu tano zilikuwa zimetufundisha kusikiliza ladha za chini, halafu ghafla mtu anapiga ngoma. Ni ubeti wa kuombea makofi. Umetiwa kwa ajili ya sisi wageni, ambao mpishi anaogopa tutaondoka tukisema tumekunywa maji ya mwani kwa laki tano. Mshairi asiyemwamini msomaji wake huandika hivyo hivyo.

Halafu ukaja wali.

Wali ndio mwisho wa kaiseki, si mwanzo. Ulipikwa katika chungu cha udongo, ukafunuliwa mbele yetu. Novemba ni wakati wa mchele mpya, uliovunwa miezi michache tu nyuma, nao una unyevu na utamu ambao mchele wa ghalani hauna. Pamoja nao, achari aina tatu na supu ya miso ya rangi nzito. Hapana kitoweo. Mwalimu, aliyekuwa anakula kistaarabu toka mwanzo, akaketi sawasawa. Mhudumu alipokuwa anapakua, akamwambia kitu, na binti akakwangua chini ya chungu akamtilia.

"Ukoko," Mwalimu akaniambia kwa furaha. "Huku tunauita okoge. Omba na wewe, usione haya."

Tukala ukoko. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mlo mzima ulipopata maana. Katika chakula cha asili cha sherehe ya chai, ukoko hutiwa maji ya moto na chumvi kidogo, wageni hunywa na kusafishia bakuli zao, punje isipotee. Ni desturi iliyotoka kwa watu walioijua thamani ya punje. Wali huo ndio sahani pekee ambayo uchache wake haukuwa wa maonyesho. Haukukatwa umbo la jani. Haukuwa na dhahabu wala hadithi ya mhudumu. Na ndio uliokuwa mtamu kuliko vyote, wagyu ukiwemo. Matunda na chai ya unga vilivyofuata vilikuwa vya kushushia tu.

Sasa kiazi. Nimekifikiria sana tangu siku ile. Kwa kanuni za shairi lenyewe hakikuwa na kasoro. Kasoro, kama ipo, ni kwamba shairi halikujua linasomwa na nani. Mpishi aliona umbo, rangi na majira. Mgeni kama mie aliona werevu. Mtu mmoja tu mezani aliona kiazi. Mlo ambao umbo lake limetokana na jiwe la moto juu ya tumbo lenye njaa uliweka mbele ya mtu aliyewahi kuwa na njaa chakula kile kile cha njaa yake, kimevishwa nguo mpya, nao haukujua. Sisemi mpishi alipaswa kujua. Nasema uchache unaouzwa hauna budi kusahau uchache uliokuwa lazima, la sivyo hauuziki. Huko ndiko kunyamaza kwa shairi hili.

Haya yanatuhusu. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza mapishi ya jadi ya Japani katika orodha ya urithi wa binadamu, na kilichotajwa hasa ni vyakula vya nyumbani vya Mwaka Mpya, si migahawa ya yeni 33,000. Yaani mapishi ya mama na bibi. Sisi matembele, mchunga, ng'onda na ukoko tunavyo, na ujuzi wake uko kwa wanawake ambao hakuna mhakiki aliyewahi kuketi nao na daftari. Tunahakiki riwaya, tunahakiki taarabu, chakula tunakiachia watu wa utalii. Nimeshaona hoteli moja ya ufukweni ikiuza matembele kwa dola: kijiko kimoja katikati ya sahani pana, na tone la tui pembeni. Sikuona ubaya, tui lilikuwa la nazi kweli. Ila niliangalia meza zote, hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye angeweza kukiacha kijiko kile na kueleza kwa nini.

Je, ni mlo mzuri? Ni mzuri. Awamu nane kati ya tisa zina sababu ya kuwepo, na supu yake sitaisahau. Kama utapata njia ya kufika na mtu wa kukulipia, nenda Novemba, kwenye mchele mpya. Ukiulizwa kama kuna kitu hutaki, sema nyama. Wali ukifika, omba ukoko. Na usiende na wenzio wa rika lako watupu. Mchukue mtu mzima, umwangalie anachokibakiza sahanini.